Shangazi Nishauri: Mjomba hataki niolewe na Mroma

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Kimara. Ukoo wetu ni Waanglikana tangu wazee walipofika Masasi na Askofu Steere mwaka 1876. Mchumba wangu ni Mkatoliki, kwao Bagamoyo. Mshenga alipoleta barua ya posa, mjomba aliirudisha bila kuifungua, akasema damu hii haiendi kwa Waroma. Mchumba naye anataka nihamie kwao kwanza. Habari za watoto anasema tutazijua mbele ya safari. Halafu bibi alinionyesha kitabu cha sala cha zamani chenye majina ya wazee. La kwanza ni la mwanamke, na pembeni pameandikwa "kwa mapadre, Bagamoyo". Nifanyeje?*
*Mjukuu wa Masasi*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nakwama pale ulipopita mbiombio: kwenye kile kitabu cha sala. Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo mwaka 1868, wakawa wanakomboa watoto waliouzwa utumwani. Watoto hao walilelewa misheni, wakikua wanaozwa wao kwa wao na kupewa kiwanja katika kijiji cha Wakristo. Sasa bibi yenu wa kwanza, ambaye jina lake limetangulia wote, anatokea huko huko kwa Waroma. Mjomba anakukataza njia ambayo mama wa ukoo alikwisha kuipita, ila yeye aliipita kwa kurudi.

Usikimbilie kumrushia mjomba hilo usoni. Watu aliokwenda nao Steere kutoka Unguja walikuwa watumwa walioachwa huru, wanataka kurudi kwao upande wa Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi. Hawakuwa na shangazi wala mjomba wa kupokea barua ya posa. Ndugu walibaki huko walikotekwa. Kanisa ndilo likawa ukoo wao. Mwaka 1882 Wangoni wakawavamia, mwaka 1905 misheni ikachomwa wakati wa Majimaji, na bado walirudi kujenga palepale. Mtu aliyelelewa na hadithi hiyo, ukimwambia "nahama dhehebu", anasikia "naukana ukoo". Na kwa watu wa kusini, neno la mjomba kwenye ndoa si dogo, unajua mwenyewe.

(Ingekuwa ibada tu, ningecheka. Waanglikana wa Masasi wanatokana na UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza ambayo ibada zake zilikaribiana na za Waroma: ubani wanafukiza, maungamo wanayo, Bikira Maria wanamheshimu. Mroma akiingizwa mle amefumba macho, anaweza kujibu sala mpaka mwisho.)

Kwa hiyo nenda kwa mjomba na kile kitabu, na bibi awepo. Usiitaje ndoa. Mwombe akusimulie: huyu mama ni nani, na nani alimtoa Bagamoyo akamfikisha Masasi? Mwache aongee hata kama ni mpaka usiku. Mshenga arudi baada ya hapo, si kabla.

Ninayemtilia shaka hasa ni huyo mchumba. Kanisa lake halikulazimishi uhame. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1124 na 1125, inataka kibali cha mkuu wa jimbo, kwa kawaida askofu, ili Mkatoliki amwoe Mkristo aliyebatizwa wa kanisa lingine. Yeye Mkatoliki ndiye anayeahidi kutunza imani yake na kufanya awezavyo watoto wabatizwe Ukatoliki. Wewe huapishwi kitu, ila ni lazima ujulishwe ahadi hiyo mapema. Hata ndoa kufungwa kwenu Uanglikana inawezekana, akiombewa ruhusa maalumu kwa askofu wake. Basi "tutazijua mbele ya safari" ni maneno ya nini? Ama hajui, ama anajua na anakuficha. Mpeleke kwa paroko wake, mkae watatu, jambo la watoto lisemwe waziwazi wewe ukisikia. Akikwepa kikao hicho, umepata jibu lako bila mjomba kutia neno.

Najua utaniuliza kuhusu serikali. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwanamke wa umri wako haombi ridhaa ya mzazi wala mjomba. Mnatoa taarifa siku 21 kabla, mnafunga ndoa kwa msajili. Mlango huo upo. Nisingeutumia mwaka huu, bibi yako angali hai na kitabu kiko mikononi mwake.

Jumamosi hii panda mwendokasi uende kwa bibi. Kile kitabu kipige picha kurasa zote, wino wa zamani unafifia.

Shangazi