Uliza Kwanza: Mjini Yuko Nani Usiku Huu?

Tumepokea vijana watatu kwenye dawati la Kiswahili hapa redioni, na mmoja wao ameniuliza kitu nilichowahi kuuliza nami nilipoanza: taarifa ya serikali kuhusu vita vya ndani, tunaitafsiri ilivyo au tunaichambua kwanza? Nilimjibu kwa kifupi kwenye ngazi. Jibu lenyewe ni hili.

Nianze na kosa langu. Jumatatu ya 28 Juni 2021 nilikuwa zamu ya jioni. Ikaingia taarifa kutoka Addis Ababa: serikali ya Ethiopia inatangaza kusitisha mapigano katika jimbo la Tigray kwa upande wake, kwa sababu za kibinadamu, ili wakulima wauwahi msimu. Nikaandika kichwa cha habari: "Ethiopia yasitisha mapigano Tigray." Sentensi safi, kila neno lina ushahidi wa karatasi. Mhariri wa zamu, mama mmoja aliyezeekea kazini, akaisoma, akavua miwani. "Mwanangu, Mekelle usiku huu yuko nani?"

Sikuwa na jibu kwa sababu sikuwa nimeuliza. Nilipopekua mashirika ya habari nikakuta wapiganaji wa Tigray wameingia Mekelle siku hiyohiyo, watu wamejaa barabarani wanashangilia, jeshi la shirikisho limeshaondoka pamoja na maofisa wa utawala wa mpito. Habari ilikuwa hiyo, kwamba serikali imepoteza mji mkuu wa jimbo. Kusitisha mapigano lilikuwa vazi lake tu. Tukageuza kichwa: "Wapiganaji wa Tigray waingia Mekelle, serikali yatangaza kusitisha mapigano." Saa moja kasorobo, msomaji keshakaa studio.

Wageni wa kazi hii wengi huvizia matusi. Wakiona "magaidi" au "genge" wanapiga mstari mwekundu na kujiona wamemaliza. Ni vizuri, ila neno la kashfa halijifichi, linapiga kelele lenyewe. Cha kujifunza ni tarehe zake. Chukua TPLF, Chama cha Ukombozi wa Watu wa Tigray. Kuanzia 1991 hadi 2018 kilikuwa ndicho chenye sauti kubwa katika muungano uliotawala Ethiopia nzima. Vita vilipoanza Novemba 2020, vyombo vya serikali vikakiita "junta", na neno likashika hadi mitaani. Tarehe 6 Mei 2021 bunge likakiorodhesha kuwa kundi la kigaidi. Tarehe 2 Novemba 2022 ukasainiwa mkataba wa Pretoria, wa kusitisha vita kati ya serikali na TPLF. Tarehe 22 Machi 2023 bunge lilelile likakiondoa kwenye orodha, na kesho yake Waziri Mkuu Abiy Ahmed akamteua Getachew Reda aongoze utawala wa mpito wa Tigray. Getachew ndiye aliyekuwa msemaji wa TPLF vitani. Sasa wewe uliyekuwa ukisoma "magaidi" hewani kama vile ni neno lako, asubuhi ile ya tarehe 23 utamwita nani? Kwa hiyo neno la namna hiyo mpe mwenyewe: "kundi ambalo serikali inaliita la kigaidi". Ni refu, na ukilirudia mara tano msikilizaji anabadilisha stesheni. Liseme mara moja, kisha endelea na "wapiganaji wa TPLF".

Kinachonisumbua zaidi ni majina ya upole. Vita vile viliitwa "operesheni ya kutekeleza sheria". Sheria hutekelezwa na polisi mwenye hati mkononi. Hapa palikuwa na vifaru na ndege za kivita. Jina hilo lilitakiwa lionyeshe kwamba ni jambo la siku chache na la nyumbani, majirani wasiingilie. Novemba 28, 2020 Abiy akasema operesheni imekamilika, jeshi limeingia Mekelle. Siku mbili baadaye akaliambia bunge kwamba hakuna raia hata mmoja aliyeuawa na wanajeshi wake. Simu na intaneti Tigray zilikuwa zimekatwa, hivyo hapakuwa na mtu wa kupinga. Siku hizohizo, Novemba 28 na 29, wanajeshi wa Eritrea walikuwa wakiua raia Axum, mji wa Tigray, na kuwepo kwao ndani ya Ethiopia kulikanushwa hadi Machi 23, 2021, Abiy alipokubali mbele ya bunge hilohilo. Kwa hiyo sentensi ya "hakuna raia aliyeuawa" usiisome bila "alisema", na katika aya hiyohiyo mwambie msikilizaji kwamba simu zimekatwa. Usilifukuze hilo mpaka aya ya mwisho, kwa sababu aya ya mwisho ndiyo hukatwa dakika zikibana.

Halafu viunganishi. Hapa ndipo wazoefu pia huteleza, na mfano wangu ni wa hapa hapa kwetu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana nchini Kenya, walinzi waliwapiga wafungwa wa Mau Mau waliokataa kazi, 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Haikusema maji yaliwaua. Iliyaweka mambo mawili jirani ikaiachia "baada ya" imalize kazi. Kiswahili chetu kinaibebesha "baada ya" mzigo huo kila siku: sema "alikufa baada ya kula uyoga", uone kama kuna atakayeuliza alikufa na nini. Ukiona kifo na "baada ya" katika taarifa rasmi, vunja sentensi mbili: watu 11 wamekufa kambini, serikali inasema walikuwa wamekunywa maji, haikusema walikufa kwa nini.

Na "kupoteza maisha", tuwe wakweli, hatukulazimishwa na serikali yoyote. Ni letu. Mtu aliyepigwa risasi hakupoteza kitu. Ameuawa. Kama hujui na nani, sema hajajulikana aliyemuua.

Juzi mmoja wa wale vijana, mtu wa Tanga, alipewa habari ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo: Wazalendo wamechukua kijiji kutoka kwa waasi wa M23. Akaandika "raia wazalendo wamekikomboa kijiji". Kiswahili chake kizuri kilimponza, maana kwake mzalendo ni mtu aipendaye nchi yake. Kongo hilo ni jina la makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali, baadhi yao yakiwa yale yale ya wanamgambo wa Mai-Mai wa zamani, na herufi yake ni kubwa. Nikamrudishia karatasi bila kalamu nyekundu. Akauliza, "Sasa kosa liko wapi, kaka?" Nikamwambia apige simu huko kwanza, aulize kijijini yuko nani.