Wasomaji Wanauliza: Harusi ya The Twins

Tamthilia ya Game of Thrones, iliyorushwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia 2011 hadi 2019, ina sehemu 73, lakini barua za wasomaji hurudi daima kwenye moja: sehemu ya tisa ya msimu wa tatu, iitwayo "The Rains of Castamere", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Juni 2013. Humo mfalme kijana Robb Stark, mkewe Talisa na mama yake Catelyn wanauawa wakiwa wageni harusini, ndani ya ukumbi wa Walder Frey, na jeshi lao linateketezwa nje ya kuta. Ambaye hajaitazama na hapendi kujua yaliyomo ni heri aiweke kando safu hii kwa sasa.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeitazama sehemu hiyo mara mbili na hasira yangu haijapoa. Watunzi walitujengea shujaa kwa misimu mitatu, wakatufanya tumpende, kisha wakamchinja ghafla bila dalili yoyote. Je, huo si ulaghai wa kumshtua mtazamaji tu?

JIBU: Ndugu msomaji, hasira yako naielewa, wala sioni sababu ya kuionea haya. Ila hapo kwenye "bila dalili yoyote" ndipo tunapoachana, kwa sababu ni sehemu chache za tamthilia hii zilizomtendea mtazamaji haki kama hii. Karibu kila kinacholipuka ukumbini kilikwisha kuwekwa mbele ya macho yetu mapema, kipande baada ya kipande.

Turudi msimu wa kwanza. Robb alikuwa na haraka ya kuvuka mto, na njia ilipita kwenye daraja la The Twins, ngome mbili za Walder Frey zinazotazamana, kila moja kwenye ukingo wake. Catelyn aliingia kuzungumza na mzee huyo, akatoka na masharti: daraja litafunguliwa na askari wa Frey watapigana upande wa Robb, mradi vita vikiisha Robb amwoe mmoja wa mabinti wa Frey, na mdogo wake Arya aolewe na kijana wa ukoo huo. Robb alikubali, akavuka, akapata ushindi uliomtia mikononi mwake Jaime wa ukoo wa Lannister, aliokuwa akipigana nao. Kisha msimu wa pili akamwoa Talisa. Alikuwa ameshautumia mkopo wote, halafu akakataa kuulipa.

Msimu wa tatu ukamkuta amepungukiwa. Rickard Karstark, bwana mmoja wa upande wake, aliwaua vijana wawili wa Lannister waliokuwa mateka, na Robb akamkata kichwa kwa mkono wake mwenyewe, ingawa mke, mama na mjomba wake Edmure walimsihi amfunge tu ili asiwapoteze watu wake. Askari wa Karstark wakaondoka. Sasa Robb anataka kuishambulia Casterly Rock, makao ya ukoo wa Lannister, na watu wa kumtosha wako kwa yule yule aliyemvunjia ahadi. Kwa hiyo sehemu ya tisa inapofunguka kwa Robb na mama yake wakiitazama ramani ya vita, mtazamaji makini ameshaona kwamba wanarudi kwa mdai wao wakiwa mikono mitupu.

Ukumbini nako watunzi hawafichi mengi. Walder Frey anawapanga mabinti na wajukuu zake mstari mmoja, anawataja mmojammoja, na Robb anawaomba radhi hadharani. Kisha mzee anamwita Talisa asogee, anamkagua kwa maneno machafu mbele ya mumewe, na hapo inaonekana wazi kwamba ile radhi haikumshuka. Usiku wa karamu, baada ya Edmure na bibi harusi wake Roslin kusindikizwa chumbani kwa vifijo, mtu mmoja anaifunga milango ya ukumbi taratibu. Wanamuziki walio juu kwenye roshani wanaacha nyimbo za furaha na kuanza wimbo mwingine wa polepole.

Wimbo huo ndio uliobeba jina la sehemu nzima. Unasimulia jinsi Tywin, mkuu wa ukoo wa Lannister, alivyoufuta ukoo wa Reyne wa Castamere uliothubutu kumwasi. Askari wa Lannister waliuimba kabla ya vita vya Blackwater katika msimu wa pili, na katika sehemu ya nane, yaani iliyotangulia hii moja kwa moja, Cersei, binti wa Tywin, anamsimulia Margaery kisa chenyewe wakiwa katika harusi nyingine. Tulikabidhiwa ufunguo kabla hatujafika mlangoni. Catelyn anautambua wimbo mara moja. Tazama uso wa Michelle Fairley, anayemwigiza Catelyn, hapo, kwa maana uigizaji wake ndio uti wa mgongo wa sehemu hii: tabasamu linaisha, macho yanautafuta mlango, kisha yanamrudia Roose Bolton, mmoja wa mabwana wa jeshi la Robb, aliyeketi karibu naye. Bolton naye anautazama mkono wake mwenyewe, kana kwamba anamwelekeza. Catelyn anauvuta mkono wa shati lake na kukuta deraya chini yake. Mtu aliyekuja kula karamu amevaa mavazi ya vita. Anampiga kofi na kupiga kelele kumwita mwanawe, lakini papo hapo Talisa anachomwa kisu tumboni na mishale inaanza kushuka kutoka roshani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dalili zilikuwapo tele. Tulizipuuza kwa sababu tulizoea kwamba hadithi humlinda shujaa wake, na Robb naye aliamini hivyo hivyo.

SWALI: Mimi naona Robb alijitakia. Aliyevunja ahadi hana haki ya kulalamika akilipizwa. Kwa nini watu wanamlaani Walder Frey kuliko Robb?

JIBU: Kosa la Robb ni kubwa, na katika jibu lililotangulia sikulipunguza. Walder Frey alikuwa na haki ya kujiondoa katika muungano, ya kudai fidia, hata ya kuingia vitani waziwazi. Lakini kumbuka kwamba fidia alishaidai na akapewa. Wajumbe wake walikwenda Riverrun, ngome ya Edmure, wakataka Robb aombe radhi na Edmure amwoe Roslin, na yote mawili yakatimizwa. Aliipokea kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kisu.

Tena wageni walipowasili walipewa mkate na chumvi. Katika nchi ya Westeros, mgeni akishakula mkate na chumvi ya mwenyeji chini ya paa lake, hakuna kati yao awezaye kumdhuru mwenzake hadi watakapoagana, na sheria hiyo inaheshimiwa na wafuasi wa miungu ya kale na wa miungu mipya vilevile. Haikuwekwa kwa ajili ya adabu za mezani. Mabwana wa koo zinazopigana hawana mahakama iliyo juu yao wala askari wa kuwaamua. Wakitaka kufanya mapatano, hawana budi mmoja aingie katika ngome ya mwenzake akiwa na uhakika wa kutoka hai. Ukiiondoa dhamana hiyo, vita haviwezi kwisha ila kwa upande mmoja kumalizwa. Walder Frey alipoivunja, aliharibu kitu kilichokuwa kikiwalinda watu wote, pamoja na yeye mwenyewe na watoto wake.

Katika sehemu ya kumi, Tywin, aliyekuwa nyuma ya mpango huo pamoja na Frey na Bolton, anajitetea mbele ya mwanawe Tyrion kwamba kuwaua wachache mezani ni bora kuliko kuwaua maelfu vitani. Wapo wasomaji waliotuandikia wakiikubali hoja hiyo, nami naipinga kabisa. Hesabu yake haimtaji askari hata mmoja kati ya wale wa Robb waliochinjwa mahemani usiku ule ule, wakiwa wamelewa pombe ya mwenyeji wao. Wala haikuleta amani: Frey alipewa Riverrun, Bolton akapewa Kaskazini, nchi ya akina Stark, na koo zote mbili zikaangamia kabla tamthilia haijaisha.

Katika sehemu hiyo hiyo ya kumi Bran, mdogo wake Robb, anawasimulia wenzake kisa cha mpishi aliyemuua mwana wa mfalme na kumpika ndani ya mkate, akamlisha baba yake. Miungu ilimgeuza panya mkubwa, na Bran anasema wazi kwamba hakuadhibiwa kwa kuua wala kwa kupika, bali kwa kumuua mgeni chini ya paa lake. Arya anapomlisha Walder nyama ya wanawe mwishoni mwa msimu wa sita, kabla ya kumkata koo, watunzi wanalipa deni la kisa hicho.

SWALI: Nimesikia kwamba mauaji hayo yalitokea kweli huko Scotland. Ni kweli?

JIBU: Harusi yenyewe ni ya kubuni. Hata hivyo George R. R. Martin, mtunzi wa riwaya, ameeleza kwamba alichota kutoka matukio mawili ya historia ya Scotland.

La kwanza ni la 1440. William Douglas, mkuu wa ukoo uliokuwa na nguvu za kuogopwa, akiwa bado kijana, alialikwa pamoja na mdogo wake David kula chakula katika ngome ya Edinburgh mbele ya mfalme James II, aliyekuwa mtoto wa miaka kumi. Walikamatwa, wakahukumiwa upesi kwa uhaini na kukatwa vichwa. Masimulizi ya baadaye yaliongeza kwamba kichwa cha fahali mweusi kililetwa mezani kuwa ishara ya kifo. Jambo hilo lichukuliwe kama hadithi.

La pili lilitokea Glencoe, alfajiri ya tarehe 13 Februari 1692, na kwangu ndilo linalofanana zaidi na harusi ya The Twins. Askari wa serikali chini ya Robert Campbell wa Glenlyon walikuwa wamepokewa na kulishwa na ukoo wa MacDonald kwa karibu wiki mbili, wakilala katika nyumba zao. Mkuu wa ukoo huo alikuwa amechelewa kula kiapo cha utii kwa mfalme William. Amri ilipofika, wageni waliwageukia wenyeji wao, wakaua watu wapatao 38, na wengine walikufa kwa baridi milimani walikokimbilia. Hapa mgeni ndiye aliyemuua mwenyeji, lakini uzito ni ule ule: sheria ya Scotland ilihesabu kumuua mtu aliyekuamini kuwa kosa baya kuliko mauaji ya kawaida.

SWALI: Je, katika riwaya mambo yalikuwa hivyo hivyo?

JIBU: Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Riwaya ni A Storm of Swords, iliyotoka 2000, na Martin amesema kwamba sura ya harusi aliiandika mwisho, baada ya kumaliza kitabu kizima, kwa jinsi ilivyomwia vigumu. Tofauti kubwa ni mke. Kitabuni anaitwa Jeyne Westerling na hakwenda harusini. Tamthilia ilimleta Talisa, tena akiwa mjamzito, na akawa wa kwanza kuchomwa. Kwa maoni yangu visu vile vya tumboni vimezidi kiasi, kwa kuwa kifo chake pekee kilitosha. Lakini kumleta ukumbini kulikuwa uamuzi sahihi, maana yeye ndiye ahadi iliyovunjwa, na Walder Frey hangekubali amkose.

SWALI: Nataka kuitazama upya ila sina muda wa misimu mitatu. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza uyaone mapatano ya daraja, kisha sehemu ya kumi ya msimu wa pili ambamo Robb anafunga ndoa. Katika msimu wa tatu tazama ya tano kwa ajili ya Karstark, ya sita kwa ajili ya wajumbe wa Frey, na ya nane kwa ajili ya kisa cha Castamere, halafu ndipo uingie ya tisa. Usiiache ya kumi, kwani humo ndimo Tywin anapotoa utetezi wake na Bran anaposimulia kisa cha mpishi.