Mkataba Umeisha, Bado Uko Ndani

Msomaji mmoja anauliza: mkataba wake wa mwaka uliisha, hajahama, mwenye nyumba akapokea kodi ya mwezi uliofuata kimya kimya. Leo anaambiwa atoke kesho. Je, bado ni mpangaji?

Kwanza itazamwe hiyo kodi. Katika nchi nyingi, kupokea kodi ya kipindi kilichoanza baada ya mkataba kuisha huonyesha kwamba mwenye nyumba ameridhia, na upangaji unakuwa wa mwezi kwa mwezi kwa masharti ya awali. Hapo hatoki mtu bila notisi. Ila si kila mahali. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kupokea kodi tu hakutoshi. Ni mpaka aendelee kuipokea kwa miezi miwili ndipo upangaji huo unapozaliwa. Basi isome sheria ya kwenu kabla ya kubishana mlangoni.

Risiti lazima itaje mwezi unaolipiwa. Isipotaja, mwenye nyumba atadai alikuwa akipokea deni la nyuma, na hutakuwa na la kumjibu. Wajanja huandika "fidia ya matumizi" badala ya kodi, makusudi kabisa, isionekane kwamba wameridhia ukae. Usitie sahihi bila kusoma.

Kama mwenye nyumba hakuridhia, huna tena upangaji, lakini wajibu unabaki: utalipia kila siku unayokaa, bili ni zako, uharibifu ni wako. Hesabu ya siku hufanywa hivi: kodi ya mwezi mara 12, gawanya kwa 365. Wengine hulipa zaidi. Uingereza ina sheria za 1730 na 1737 zinazoweza kumdai anayeng'ang'ania maradufu.

Hata hivyo, nchi nyingi hazimruhusu mwenye nyumba kubadili kufuli, kukata maji wala kutupa vyombo nje bila amri ya mahakama. Akifanya hivyo piga picha, andika tarehe na saa, peleka malalamiko. Lakini ulinzi huo si kibali cha kukaa bure, na gharama za kesi zinaweza kukuangukia wewe. Wengi hulisahau hili mpaka wapate hati ya madai.

Kosa linalogharimu sana ni la funguo. Umehama, ila funguo umemwachia mlinzi, au kabati limebaki chumbani, au uliyempangisha chumba kimoja bado yumo. Siku zinaendelea kuhesabiwa. Kabidhi funguo zote kwa mwenye nyumba au wakala wake, muandikiane idadi yake, tarehe, usomaji wa mita za maji na umeme, na hali ya kila chumba, kisha wote mtie sahihi. Amana nayo si kodi ya mwezi wa mwisho, isipokuwa mkataba useme hivyo.

Ukihitaji wiki mbili za ziada, omba kwa maandishi kabla mkataba haujaisha, ukitaja siku ya kutoka na kiasi utakacholipa, na usubiri jibu la maandishi.