Kupima VVU mara tu unaporudi safari
Umeuliza kama ulifanya ngono bila kondomu safarini, je, kupima VVU mara tu unaporudi kunatosha kujua kama umeambukizwa? Hapana ndugu, kupima kesho yake baada ya kurudi hakusemi lolote kuhusu safari hiyo. Kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza kupambana na virusi, na mwili unaweza kuchukua hadi miezi 3 kutengeneza za kutosha kuonekana. Majibu ya leo ni ya mambo ya zamani. Kama bado ni ndani ya saa 72 tangu tendo hilo, wahi kituo cha afya ukaombe PEP, dawa za siku 28 za kuzuia VVU baada ya kujiweka hatarini. Watakupima kwanza hapohapo, na kila saa ina maana. Madereva na wengine mnaoishi barabarani, ulizieni PrEP, dawa za kujikinga na VVU kabla ya hatari, kabla ya kuondoka. Ila hizo ni za VVU tu, kisonono na kaswende hazizuii. Kondomu bado inahitajika.