Sara asiuze shamba

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwa wasomaji wengine: aliyeniandikia ni fundi cherehani wa Morogoro, ana miaka 31. Usiku, kazi ikiisha, huandika hadithi kwenye simu na kuwatumia wasomaji wake sehemu kwa sehemu. Hadithi ni ya Wyoming, Marekani, miaka ya 1880. Sara, mjane aliyejichukulia shamba la serikali, anafungua mlango usiku wa theluji na kumkuta mwanamume mwenye risasi begani. Anamficha, anamuuguza, wanapendana. Sasa wasomaji wanataka Sara auze shamba wapande farasi wapotelee mbali, na binti yetu anauliza: “Shangazi, mapenzi ya kweli si ndiyo hayo, kuacha vyote?” Kisha mwishoni kabisa, katika mistari minne, anasema mchumba wake wa miaka miwili ana kesi mkoa mwingine na hajamwambia ni kesi gani, kwa mwenye nyumba anatumia jina jingine, na anamsihi auze kiwanja chake wakaanze maisha nje ya nchi. Hati aliyopewa alipokinunua iko chini ya godoro, na mchumba anajua.

Mwanangu, mistari ile minne ndiyo barua yenyewe. Lakini umeanza na Sara, basi nami nianze naye.

Lile shamba la Sara lilipatikana kwa sheria aliyoitia saini Rais Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Ekari 160, ada ya dola 18 kwa jumla, na miaka 5 ya kuishi pale pale, kujenga, kulima, halafu kuleta mashahidi wawili waseme ni kweli umekaa. Mjane aliruhusiwa. Msichana wa miaka 21 ambaye hajaolewa aliruhusiwa. Mke wa mtu hakuruhusiwa kuandikisha kwa jina lake, kwa kuwa sheria ilimhesabu mume kuwa ndiye kichwa cha nyumba. (Na ardhi hiyo walikuwa wamenyang'anywa wenyeji wake wa asili, makabila ya Wacheyenne, Waarapaho na Washoshone. Usiliruke hilo kwenye hadithi yako.) Kwa hiyo mwanamke mwenye hati pale alikuwa na kitu ambacho mama yake hakuwahi kukishika: karatasi yenye jina lake peke yake. Wasomaji wako wanapodai Sara aiache karatasi hiyo kwa ajili ya mtu aliyemfahamu tangu theluji ya juzi, wanadai kitu kikubwa kuliko wanavyojua.

Wyoming hiyo hiyo aliishi mwanamke wa kweli, Ella Watson. Aliwahi kuwa mpishi katika nyumba ya wageni mjini Rawlins, kisha akajichukulia shamba karibu na mto Sweetwater. Mwaka 1886 yeye na Jim Averell waliomba kibali cha ndoa mjini Lander, lakini wakaishi kana kwamba hawajaoana, na wanahistoria wengi wanaona sababu ilikuwa ardhi, ili kila mmoja aweze kuwa na yake. Alinunua ng'ombe wachache, akasajili chapa yake. Matajiri wa ng'ombe waliozoea kuchunga kwenye nyasi zile na kuyatumia maji yale hawakupendezwa. Tarehe 20 Julai 1889 sita kati yao wakamchukua yeye na Jim, wakawanyonga kwenye mti. Magazeti ya mji wa Cheyenne yakaandika kuwa alikuwa mwizi wa mifugo na malaya. Hakuna aliyehukumiwa. Siku ile alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyotiwa shanga, vikamtoka miguuni pale mtini. Vimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya jimbo.

Huyo ndiye ninayemwona kila ukiandika jina la Sara. Aliitwa mhalifu kwa sababu alikuwa na shamba.

Sasa huyo wako wa risasi begani. Sikukatazi kumpenda. Ila wanawake waliowapenda watu wa namna hiyo wameacha habari zao, na ni vizuri uzijue kabla hujaandika sehemu inayofuata. Zee Mimms aliolewa na Jesse James, jambazi maarufu wa benki na treni, mwaka 1874, baada ya uchumba wa miaka tisa. Akaishi kwa majina ya kubuni, akahama nyumba hadi nyumba, watoto wake hawakujua jina lao halisi. Tarehe 3 Aprili 1882 mumewe alipigwa risasi kwa nyuma, ndani ya nyumba yao, na kijana wa genge lake mwenyewe. Zee akabaki na madeni, vyombo vya nyumbani vikapigwa mnada, akafa maskini mwaka 1900. Nikimfikiria yule mama anawaeleza wanawe kwamba hata jina mliloitwa si lenu, moyo unaniuma.

Na Maude Davis wa Utah, aliyeolewa na Elzy Lay, rafiki mkubwa wa Butch Cassidy, kiongozi wa genge la majambazi. Maude alimpa mume wake uamuzi: mimi au genge. Elzy akachagua genge, Maude akarudi kwao. Sijui kwa nini hadithi huwapita wanawake kama Maude. Mwaka 1902 Butch, akiwa amekimbilia Cholila kule Argentina, alimwandikia barua mama yake Maude. Anajisifu kuwa ana ng'ombe 300, kondoo 1,500, farasi 28 na nyumba ya vyumba vinne. Hapo hapo Cholila aliishi Sundance Kid, mwenzake wa genge, na mwanamke wake, Etta Place. Kuanza upya nchi ya mbali, kama anavyotaka mchumba wako. Mwaka 1905 wakauza mali wakakimbia tena, maana habari zao ziliwafuata mpaka huko. Etta hatimaye anapotea kabisa kwenye kumbukumbu, na hata jina lake la kuzaliwa halijulikani kwa uhakika.

Kama wataka jambazi anayestahili kufunguliwa mlango mara ya pili, mtazame Emmett Dalton. Aliingia Coffeyville, Kansas, mwaka 1892 na ndugu zake kuiba benki, akatoka peke yake akiwa hai, ametobolewa risasi mwili mzima. Akafungwa miaka 14, akasamehewa 1907, mwaka uliofuata akaoa. Kwa jina lake, mwanangu.

Nimefika kwako.

Mimi simfahamu mchumba wako. Huenda kesi ni ya kusingiziwa, huenda ni deni lililomshinda, na mtu mwoga si lazima awe mtu mbaya. Lakini miaka miwili umelala na kuamka na mtu ambaye hujui anashtakiwa kwa nini. Umeniandikia kwamba ukimuuliza, hukushika mkono na kusema “niamini tu.” Mwambie imani unayo, unachotaka ni namba ya kesi na jina la mahakama. Akikupa, nenda naye kwa wakili, na siku ya kesi nenda ukakae naye pale kwenye benchi. Hilo ni penzi, na kwa mwanamume mwenye hofu lina uzito kuliko pesa ya kiwanja. Akikataa, au akikasirika, umeshajibiwa. Na usikubali kumficha. Kumficha mtu unayejua ametenda kosa nako ni kosa, na polisi hawatauliza kama ulipenda.

Kiwanja hicho umesema ulikinunua kwa miaka minne ya vikoba na kushona sare za shule hadi macho yakawasha. Msingi umeshapanda, tofali zimepangwa. Ukikiuza leo ukafika ugenini, utakuwa mgeni asiye na kwao, mkononi mwa mtu ambaye hata jina lake huna hakika nalo. Anayekupenda atakuja kuishi kwenye nyumba yako. Kama anasakwa, ataenda kuimaliza kesi kisha atakuja.

Kuhusu Sara, wasomaji wako watalalamika kidogo wakisikia hakuuza. Waache. Waandikie asubuhi anayompeleka yule bwana kwa sherifu mwenyewe, kwa gari lake la farasi, amemfungia mkate kwenye kitambaa, kisha anarudi kukamua ng'ombe kwa sababu ng'ombe hawajui habari za mapenzi. Uchungu wa asubuhi hiyo unaujua, utauandika vizuri.

Na hiyo hati itoe chini ya godoro leo, kabla hajarudi jioni. Mpelekee mama yako.