Hadithi iliyokwama sura ya tatu

Dada, umesema hadithi unayoiandika imekwama sura ya tatu: msichana wa hadithi amefika mjini na sasa hujui afanye nini. Nadhani hujaamua bado anataka nini. Mpe haja ya leo leo: apate pa kulala kabla giza halijaingia. Kisha mweke mwenye nyumba mlangoni, amkatalie. Andika majibizano yao haraka bila kufuta, halafu uyasome kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi igawe. Sura ya kwanza usiiguse kwa sasa, nakusihi, kuisahihisha ndiko kunakokumaliza nguvu. Na kila siku acha kuandika ukiwa bado unajua kinachofuata, kesho utakuwa na pa kuanzia. Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alikuwa na desturi hiyo. Hadithi yako naitaka iishe, kwa kweli.