Muulize Bibi: Kutoka halmashauri hadi bungeni, ni kupanda au kushuka?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nasoma siasa, mwaka wa pili chuoni. Kila nikisoma habari za David Lammy wa Uingereza nakuta alirithi jimbo la Tottenham, London, mwaka 2000 baada ya kifo cha mbunge wake, Bernie Grant. Nikamfuatilia huyo Grant, kumbe aliongoza halmashauri kabla ya kuwa mbunge. Sasa mimi na mwenzangu hatuelewani: kwa Waingereza, mtu akitoka uongozi wa halmashauri akaingia bungeni, amepanda au ameshuka? Wewe uliishi huko.
Mwanachuo

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Niliishi Tottenham miaka ishirini na ushei, nikipiga pasi mashuka ya hoteli kwenye dobi moja nyuma ya High Road. Grant simjui kwa vitabu.

Tuanze na cheo. Katika halmashauri nyingi za kule, meya ni wa kuvaa mkufu na kukata utepe. Mwenye nguvu ni kiongozi wa halmashauri: diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, kwa kawaida kutoka chama chenye viti vingi. Nyumba za kupangisha, maktaba, takataka, na enzi zile kwetu Haringey, halmashauri yenye Tottenham ndani yake, hata shule, vyote vilipita mikononi mwake. Mbunge wa kawaida hana hata funguo za maktaba. Ana kura moja kati ya 650, na mdomo wake. Ukipima kwa fedha anazozigawa, Grant alishuka. Ukipima kwa mfuko wake mwenyewe, alipanda: siku hizi mbunge hulipwa zaidi ya pauni 90,000 kwa mwaka, diwani hupewa posho.

Grant alizaliwa mwaka 1944 Guyana, wakati huo koloni la Waingereza, kwa wazazi walimu. Wakambatiza Bernard Alexander Montgomery, majina ya majenerali wawili wa Kiingereza waliokuwa wakivuma vitani. Kwa majina hayo ungedhani angekuwa mtu wa kupiga saluti! Alifika Uingereza mwaka 1963, akawa karani wa reli, akaenda Edinburgh kusomea uhandisi wa migodi. Huko akaona nafasi za mafunzo Afrika Kusini wanapewa wanafunzi Wazungu peke yao, akafunga mizigo. Baadaye alifanya kazi ya simu, akaingia chama cha wafanyakazi, na mwaka 1978 akawa diwani wa Haringey kwa chama cha Labour. Mwaka 1985 madiwani wenzake wakampa uongozi. Mtu mweusi kuongoza halmashauri Uingereza lilikuwa jambo ambalo hatukuwa tumeliona.

Hakuwa ametimiza hata mwaka kitini, balaa likaja. Oktoba 1985 polisi walipekua nyumba ya mama mmoja mweusi, mama akaanguka akafa kwa moyo. Usiku uliofuata mtaa wa Broadwater Farm ukawaka moto, na askari Keith Blakelock akauawa. Nyumba za mtaa ule zilikuwa za halmashauri, yaani mwenye nyumba alikuwa Grant. Akasimama nje ya ukumbi wa mji, akasema vijana wanaona kwamba polisi wamepata kipigo cha haja. Alidai anaeleza hisia za vijana, si zake. Magazeti hayakutaka kusikia tofauti hiyo, na wakubwa wa chama chake wakamkana. Nami nilikasirika, sikufichi. Yule askari alikuwa ameacha watoto. Lakini dobini wapo waliosema ni kiongozi wa kwanza kutamka yanayosemwa jikoni kwao, na hao hawakumwacha.

Wanachama wa Labour wa Tottenham ndio waliompitisha kugombea, wakimwacha Norman Atkinson aliyekuwa mbunge wao tangu 1964. Hapo ndipo ngazi yenyewe ilipo, mjukuu wangu. Kiongozi wa halmashauri anajulikana na kila tawi la chama, amekaa nao vikao vya usiku vya kujadili mabomba yaliyopasuka. Tarehe 11 Juni 1987 akashinda, siku moja na wenzake wa Labour wasio Wazungu: Diane Abbott, Paul Boateng na Keith Vaz.

Kwenye ufunguzi wa Bunge alitinga joho la Afrika Magharibi. Mwenzangu mmoja wa Barbados alikata picha yake gazetini kwa mkasi wa kukatia nyuzi, akaibandika juu ya mashine ya pasi ya mvuke. Tukabishana mchana kutwa joho lile linanyooshwaje bila kuharibu tarizi. Mvuke uliikunja ile picha ikawa rangi ya chai, na hakuna aliyethubutu kuibandua.

Bungeni hakupata uwaziri. Miaka kumi ya mwanzo chama chake kilikuwa upinzani. Kilichobaki kilikuwa mdomo, na siku za kusikiliza wananchi, ambazo Waingereza huziita sajari, neno lao la upasuaji, utadhani mbunge anapasua watu. Aliutumia mdomo huo kudai fidia kwa Waafrika kwa ajili ya utumwa, jambo ambalo miaka ya tisini lilichekwa waziwazi.

Kuna barua moja nataka uitafute. Mwishoni mwa 1996 aliwaandikia wakuu wa makumbusho ya Glasgow, jiji la Scotland, kwa niaba ya Oba, yaani mfalme, wa Benin iliyo Nigeria (si nchi ya Benin), akitaka sanaa za shaba zilizoporwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897 zirudi kwao. Wakakataa. Grant akafariki Aprili 2000. Mwaka 2022 Glasgow ikakubali kuzirudisha Nigeria, na makumbusho yale ni mali ya jiji, kwa hiyo waliopitisha uamuzi ni kamati ya madiwani. Mpelekee mwenzako hiyo, mwendelee kubishana.